Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kisa cha Kiingilio cha Dabi ya Hull

Wiki tatu kabla ya Ijumaa Kuu, wanaume wawili ninaofanya nao kazi kwenye ghala moja mjini Hull, mashariki mwa Yorkshire, Uingereza, waliacha kusalimiana. Wamekuwa zamu moja kwa miaka 19. Mmoja alipofiwa na mkewe, mwenzake ndiye aliyekesha naye usiku wa kwanza. Kilichowanunisha ni kiingilio cha mechi ya raga.

Mmoja ni shabiki wa Hull FC, mwingine wa Hull KR. Nitawaita Mgeni na Mwenyeji, kwa sababu ndivyo walivyokuwa siku ile. Sitasema yupi ni wa klabu ipi, wala msimu wenyewe ulikuwa upi. Nikisema, msomaji wa upande mmoja atakunja ngumi na wa upande wa pili atashangilia, na kisa kitageuka kuwa mashtaka dhidi ya klabu moja. Mimi ninachotaka tukitazame ni kitu ambacho majina yangekifunika: kila mmoja wa watu hawa ameshawahi kuwa mgeni, ameshawahi kuwa mwenyeji, na kabla ya msimu kwisha atakuwa vyote viwili tena.

Ugomvi ulianza saa nne asubuhi kwenye chumba cha chai. Mgeni alikuwa ameshika simu akitazama bei za tiketi za dabi.

"Mechi ya wiki iliyopita mliuza kiingilio cha kawaida," alisema. "Hii ya kwetu mmepandisha. Nyasi ni zile zile, viti ni vile vile. Kilichoongezeka ni nini, kama si sisi?"

"Wameongezeka wanaoitaka," Mwenyeji akajibu. "Kitu kikitakwa na wengi hupanda bei. Na wewe huna hata nauli ya kulipa. Ukitaka kuwafuata Catalans Dragons huko Perpignan, Ufaransa, unalipa ndege na hoteli. Hapa unavuka daraja tu."

"Nauli yangu si mali ya klabu yako, bwana. Nisipoitumia inabaki mfukoni mwangu."

Wakaendelea hivyo, nusu utani nusu kweli, hadi Mwenyeji akatamka neno lililozima kelele zote: "Basi usije. Nafasi yako itajazwa."

Mgeni aliweka kikombe chini akarudi kazini. Hawakuzungumza tena kwa siku kumi na moja.

Ili kuelewa kwa nini neno dogo kama lile liliuma kiasi hicho, lazima mtu aujue mji. Hull umegawanywa na mto unaoitwa kwa jina hilo hilo. Magharibi ya mto ni Hull FC, weusi kwa weupe, klabu iliyoanzishwa mwaka 1865. Mashariki ni Hull Kingston Rovers, yaani Hull KR, wekundu kwa weupe, iliyoanzishwa mwaka 1882 na vijana waliokuwa wakijifunza ufundi wa boila. Ajabu ni kwamba hiyo ya mashariki ilianzia magharibi, kisha ikahama na kuota mizizi ng'ambo. Upande wa magharibi, Hessle Road ndiyo iliyokuwa mitaa ya wavuvi waliokwenda na meli hadi bahari za Iceland. Mashariki kulikuwa na magati na makuli. Mtoto anazaliwa na rangi yake. Hapa neno letu la watani wa jadi, tunalolitumia kwa Simba na Yanga, linakaa sawasawa bila kulazimishwa: watu wanaotaniana mpaka wageni waogope, lakini ndio wanaozikana.

Siku ambayo mji wote huikumbuka ni tarehe 3 Mei 1980. Klabu hizi mbili zilikutana kwenye fainali ya Kombe la Challenge pale Wembley, London, mbele ya watu 95,000. Kwenye barabara ya kutoka mjini, ile A63, mtu alikuwa ameweka kibao cha kuandikwa kwa mkono akimwomba atakayetoka wa mwisho azime taa. Hull KR ilishinda 10 kwa 5. Roger Millward, nahodha na kocha wao, alivunjika taya na akaendelea kucheza. Hadi leo haijatokea fainali nyingine ya kombe hilo kati ya klabu hizi mbili, na wazee wa pande zote bado huihadithia kama vile waliicheza wao.

Na raga hii si ile ambayo wengi wetu tumeizoea kupitia Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba. Hii ni raga ya ligi, wachezaji 13 kila upande, ambapo timu inakabwa mara sita kisha inauachia mpira. Kuzaliwa kwake kunahusiana moja kwa moja na kisa hiki. Tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za kaskazini mwa Uingereza walikutana kwenye hoteli ya George mjini Huddersfield wakajitenga na wakubwa wa raga. Sababu ilikuwa fedha za mtu wa kazi. Wachimba makaa na vibarua wa viwandani walifanya kazi hadi Jumamosi, kwa hiyo aliyekwenda kucheza alipoteza ujira. Klabu zilitaka ziruhusiwe kumfidia mchezaji muda wake uliopotea, wakuu wakakataa, nazo zikaanzisha chama chao na kuruhusu fidia ya shilingi 6 kwa siku. Hull FC ilikuwemo tangu msimu wa kwanza. Hull KR ilijiunga mwaka 1897.

Nimelirudia jambo hili la 1895 kwa sababu Mgeni alilirudia. Siku chache baada ya ugomvi aliniambia, tukiwa wawili, kwamba mchezo huu ulianzishwa na watu waliosema saa ya mfanyakazi ina thamani. Dabi ile ilikuwa Ijumaa Kuu, naye ilimbidi abadilishane zamu na kijana mmoja ili aende, kisha alipe kwa Jumapili mbili. Kwa kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa, tiketi ya pauni 30 ni kama saa mbili na nusu za kubeba maboksi, kabla hata kodi haijakatwa. Mpeleke mjukuu, mnunulie chakula, asubuhi nzima ya kazi imekwisha. "Zamani walimfidia aliyeingia uwanjani," alisema. "Sasa anayepoteza siku ni aliyekaa jukwaani, na hakuna anayemfidia."

Sasa tuziangalie hoja zenyewe, na nianze na ya Mwenyeji, maana ina nguvu kuliko Mgeni alivyokubali.

Klabu za raga ya ligi si tajiri. Mkataba wa televisheni na Sky ulioishia mwaka 2021 ulikuwa wa takriban pauni milioni 40 kwa mwaka. Uliofuata ulishuka hadi kama milioni 25, na ule ulioanza 2024 ukashuka tena hadi kama milioni 21.5, fedha zinazogawanywa kwa ligi nzima. Kwenye soka la Uingereza kuna mchezaji mmoja mmoja anayelipwa kiasi cha kukaribia hizo kwa mwaka. Kikosi kizima cha timu ya Super League, ligi kuu ya raga hii, kina ukomo wa mishahara wa msingi wa pauni milioni 2.1. Fedha za televisheni zikipungua karibu nusu, klabu inageukia mlango wake. Na mlangoni mechi hazifanani. Kuna jioni ya Alhamisi ya mvua, mpinzani ametoka mbali na mashabiki mia tatu. Halafu kuna dabi. Mhasibu yeyote akiambiwa achague mechi moja ya kupandisha kiingilio, atachagua hiyo hiyo, wala si kwa ubaya wa moyo.

Viwanja navyo vina hesabu yake. Craven Park ya Hull KR, iliyopo Preston Road tangu 1989, inachukua watu kama 12,000. Uwanja ambao Hull FC huchezea, uliofunguliwa Desemba 2002, una viti zaidi ya 25,000, ni mali ya halmashauri ya jiji, na Hull FC ni mpangaji anayeutumia pamoja na Hull City ya soka. Kwenye uwanja mdogo tiketi za wageni ni chache na zinagombewa. Bei ikipanda zinakwisha vile vile. Kwenye uwanja mkubwa dabi imewahi kuvuta zaidi ya watu 20,000 na bado viti vikabaki, lakini mpangaji hana uhuru wa mwenye nyumba: ana kodi juu yake. Kwa hiyo kila upande unayo sababu ya kweli ya kutoza zaidi, na sababu hizo hazifanani. Ndiyo maana wakibishana hawaelewani. Wa mashariki anaeleza ufinyu wa nafasi, wa magharibi anaeleza mzigo wa upangaji, na kila mmoja anasikia kisingizio.

Hapo ndipo hoja ya Mwenyeji inapoishia. Haifiki pale alipodhani inafika, na sababu ni kwamba yeye mwenyewe hakuilipa bei aliyokuwa akiitetea.

Mwenyeji ana tiketi ya msimu. Aliilipa kidogo kidogo tangu majira ya baridi, na dabi ya nyumbani ilikuwa ndani yake. Klabu inapopandisha kiingilio cha mechi moja, mtu wa tiketi ya msimu haguswi. Wanaoguswa ni makundi mawili tu: mgeni, na mwenyeji asiye na uwezo wa kulipia msimu mzima. Wale wanaosikilizwa na klabu, wanaohudhuria mikutano, wanaojulikana kwa majina na watu wa ofisini, ni wenye tiketi za msimu, na wao wako salama. Kelele zikitoka zinatoka kwa mtu wa ng'ambo ya mto, ambaye kwa klabu ile si mteja wa kudumu na hatarudi hadi dabi nyingine. Ni rahisi sana kumtoza mtu ambaye hutamwona usoni kesho.

Ongeza na hili: kwenye mechi za ligi mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji. Klabu ya Mgeni haipati hata senti kutokana na tiketi aliyonunua Mgeni, kwa hiyo haina sababu ya kifedha ya kumtetea. Ikipiga kelele, itaulizwa kuhusu bei yake yenyewe wageni watakapokuja kwake. Hivyo klabu zote mbili zinanyamaza. Kila moja inavuna kwa zamu, kutoka kwa watu wa mwenzake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimaanisha kwamba mgeni huja na baraka, kuku anachinjwa, nyumba nzima inakula. Kwenye dabi hii kuku ni mgeni mwenyewe.

Ndiyo maana nasema Mgeni na Mwenyeji walikosea mtu wa kugombana naye. Nilimsikiliza kila mmoja kwa muda mrefu, na kila mmoja alikuwa na orodha ndefu ya maovu ya klabu ya mwenzake. Mwaka fulani mlitutoza hivi. Mwaka fulani mlitupa jukwaa lenye jua la machoni. Hakuna aliyekuwa na swali hata moja kwa klabu yake. Mapenzi yanafanya hivyo, nami siwalaumu. Lakini matokeo ni kwamba watani wawili wanalinda, kila mmoja kwa upande wake, bei ambayo itamrudia mwenyewe baada ya miezi michache.

Swali la pili ni lile la nafasi kujazwa. Je, uwanja ukijaa, bei si imethibitika kuwa sahihi? Hoja hii husemwa sana, na kwa bidhaa za kawaida ina maana. Sukari ikipanda duka hili, unakwenda duka lile. Lakini shabiki wa dabi hana duka la pili. Hawezi kusema mwaka huu nitashabikia Leeds kwa sababu ni nafuu. Atalipa, hata kwa kuacha kitu kingine, na kile alichoacha hakionekani kwenye hesabu ya mlangoni. Mgeni aliacha kumpeleka mjukuu wake wa miaka tisa. Uwanja ulijaa siku ile, ndiyo. Kiti ambacho angekaa mtoto yule alikaa mtu mzima. Kwenye kitabu cha mapato ya siku ni kiti kilichouzwa, tena vizuri. Lakini yule mtoto wa miaka tisa ndiye ambaye angenunua tiketi za msimu kwa miaka hamsini, na miaka tisa ndio umri wa kuanza kuipenda timu. Jioni ile alibaki nyumbani akicheza michezo ya simu.

Ugomvi kama huu si wa Hull peke yake, na mahali pengine watu waliuchukulia hatua. Septemba 2010, Ujerumani, mashabiki wengi wa Borussia Dortmund walisusa dabi ya ugenini dhidi ya Schalke kwa sababu ya kiingilio kilichoongezwa kwa mechi kubwa. Kampeni yao iliitwa Kein Zwanni, maana yake hakuna kulipa ishirini, wakizungumzia yuro 20. Timu yao ilishinda 3 kwa 1 na wao hawakuwepo kuona. Mtu anayejua dabi ni nini ataelewa uzito wa kafara hiyo.

Uingereza kwenyewe, Januari 2013, tiketi 912 za mashabiki wa Manchester City zilirudishwa bila kuuzwa kwa sababu Arsenal ilitoza pauni 62 upande wa wageni. Mwaka huo huo kampeni ya kutaka tiketi za ugenini ziwe pauni 20 ikaanzishwa, na mashabiki wa klabu zinazochukiana wakawa wanashika bango moja. Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool waliondoka uwanjani dakika ya 77 timu yao ikiongoza 2 kwa 0 dhidi ya Sunderland, kupinga tiketi ya pauni 77 iliyopangwa kwa msimu uliofuata. Mechi ikaisha 2 kwa 2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei hiyo. Mwezi uliofuata, Machi 2016, klabu zote 20 za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba shabiki wa ugenini asitozwe zaidi ya pauni 30.

Nimevutwa hasa na makubaliano hayo ya mwisho kwa sababu ya umbo lake. Hakuna klabu iliyoombwa iwe na huruma peke yake. Klabu moja ikipunguza bei kwa wageni huku mwenzake akiendelea kutoza juu, iliyopunguza imepata hasara na mashabiki wake wanaendelea kuumia wakisafiri. Zikifunga pamoja, kila moja inachopoteza kwa wageni wake, mashabiki wake wanakipata wakiwa wageni kwingine. Kwa ligi nzima hilo linahitaji vikao na kura. Kwa dabi moja, kati ya klabu mbili zilizo mji mmoja, linahitaji watu wawili kukaa mezani.

Kuna atakayesema pauni 30 za soka ni jambo jingine, kwamba pale fedha za televisheni zinafurika na klabu inaweza kujifanya mkarimu. Ni kweli. Kwa sababu hiyo mimi sioni kwamba Hull inahitaji kushusha bei hadi chini. Hata Mgeni hakuomba hivyo. Alichoomba ni kwamba tiketi ya mgeni wa dabi iwe sawa na tiketi ya mtu mzima ya mechi ya kawaida kwenye uwanja ule ule, na mtoto alipe kama mtoto. Tuchukue mfano wa hesabu, si bei za klabu yoyote. Kiingilio cha kawaida kikiwa pauni 26 na cha dabi 33, tofauti ni pauni 7. Wageni 2,000 wakilipa tofauti hiyo, mwenyeji anapata pauni 14,000 zaidi. Si fedha kidogo kwa klabu ya raga. Lakini dabi ya marudiano itakapochezwa ng'ambo, kiasi kama hicho kitatoka mifukoni mwa watu wake yeye. Fedha zinavuka daraja asubuhi na kurudi jioni. Wanaobaki wamepungukiwa ni wakazi wa Hull wa rangi zote mbili.

Kilichovunja ukimya kati ya wale wawili hakikuwa hoja yangu wala ya mtu mwingine. Ilikuwa tiketi. Binti wa Mwenyeji, aliyehamia Leeds, alisema anakuja Pasaka na watoto wawili na wangependa kwenda dabi na babu. Hawana tiketi za msimu. Mwenyeji akaingia kununua tatu, upande wa wenyeji, kwenye uwanja wa klabu yake aliyoifuata tangu utotoni, na akaiona bei ile kwa mara ya kwanza kama mnunuzi. Alizinunua. Siku iliyofuata aliketi mbele ya Mgeni kwenye chumba cha chai na hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Nimelipa." Mgeni akamuuliza ngapi. Akamtajia jumla. Mgeni akanyanyuka akamwekea maji ya chai.

Hakuomba radhi kwa maneno, nami nimeishi hapa muda wa kutosha kujua kwamba chai ile ilikuwa imeshapokea radhi ambayo haikutamkwa. Lakini lile neno, kwamba nafasi yako itajazwa, walilirudia baadaye wakiwa watulivu, na Mwenyeji alilifuta. Alisema alikuwa anazungumza kama mtu wa ofisi ya tiketi. Mgeni akasema bila wao, hao wa ng'ambo, mechi ile ingekuwa ya jioni ya Alhamisi kama nyingine. Naona hapo ndipo penye kiini. Thamani ya ziada ya dabi haitengenezwi na mwenyeji peke yake. Inaletwa na mgeni, kwa sauti yake, rangi zake na matusi yake ya kirafiki. Kisha anauziwa yeye mwenyewe kwa bei ya juu.

Baada ya Pasaka waliandika barua. Ilikuwa ukurasa mmoja, wameiandika kwa kalamu kwanza na mimi nikaipiga chapa. Wanaziomba klabu zote mbili mambo matatu: zikubaliane bei moja ya mgeni kwenye dabi ambayo haizidi kiingilio cha kawaida cha uwanja husika, mtoto wa upande wa wageni alipe bei ya mtoto kama wa wenyeji, na bei itangazwe kabla msimu haujaanza ili mtu wa zamu apange siku zake. Hakuna lawama ndani yake. Nilipendekeza watie mfano wa Liverpool na wa Ujerumani, wakakataa. Mgeni alisema Hull ina mfano wake.

Alimaanisha mwaka 1968. Meli tatu za uvuvi za mji huu zilipotea ndani ya wiki chache na wanaume 58 wakafa. Mwanamke wa Hessle Road, Lillian Bilocca, akakusanya na wenzake saini 10,000, wakaenda hadi London kwa mawaziri kudai usalama melini, na wakasikilizwa. Mgeni alikuwa mwepesi kuongeza kwamba halinganishi maisha ya watu na tiketi za raga. Alichotaka kusema ni kwamba mji huu unajua namna ya kuomba kitu kwa pamoja, na kwamba wakati ule hakuna aliyeuliza kwanza aliyesaini ni wa rangi gani.

Barua ina saini mbili juu, ya mmoja wa magharibi na ya mmoja wa mashariki, na chini yake sasa kuna saini za watu wengine 41 wa ghala letu, wakiwemo Wakongo wawili ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wowote wa hizo mbili lakini watoto wao wanataka kwenda. Nakala zilipelekwa kwa mkono. Kila mmoja alipeleka kwa klabu ya mwenzake: walivuka daraja la Drypool siku moja, saa tofauti, mmoja akielekea mashariki na mwingine magharibi, kila mmoja akiwa amevaa skafu yake. Klabu moja imejibu kwamba imeipokea. Nyingine bado. Dabi ya marudiano ni mwezi ujao, na bei haijatangazwa.